Tumboni mwa Namba Saba

Cheche alipewa dakika kumi na tano za kuhojiwa, na tatu za kwanza alizimaliza akikitazama kipande cha chuma kilichokuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki.

Kilikuwa kipande cha bomba nene, kifupi kama kidole gumba, kipana cha kutosha kumeza kichwa cha jeki. Gereji nzima ilikiita kikombe, na yeye, mchomeleaji, ndiye aliyekibuni. Magari ya wapimaji ardhi yalikuwa na bamba la chuma tumboni, la kukinga injini na gia boksi zisichanwe na mawe ya milimani. Bamba lilifanya kazi yake vizuri, ila lilikuwa laini mno. Ukiweka jeki chini yake, kichwa cha jeki kinateleza kama sabuni bafuni. Ndipo Cheche akakata vipande vya bomba, akavichomelea upande wa chini wa bamba, kushoto na kulia, mahali hasa bamba linapofungwa kwenye chesisi, fremu ya gari. Jeki ikishaingia kwenye kikombe haiendi popote.

Miaka miwili hakuna gari lililoteleza. Kisha Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, gari namba saba likamwangukia fundi wa gia, mtu mpole ambaye wenzake walimwita Taratibu. Kikombe hiki kikaokotwa karibu na maiti.

"Kwa hiyo kilichomoka," alisema Inspekta.

"Hakichomoki."

"Kiko hapa mezani, baba. Hakikuja kwa miguu."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, miaka hamsini kasoro miwili, na kituo kizima kilimwita Shangazi. Sababu ni kwamba alihoji watuhumiwa jinsi shangazi anavyomhoji mpwa aliyechelewa kuoa, kwa upole, na bila kumwachia upenyo. Jina hilo alilijua na hakulikataa, maana lilimfanyia nusu ya kazi.

"Nilikichomelea ndani na nje," Cheche alisema. "Bamba lingechanika kwanza kabla mshono wangu haujaachia. Tazama hapa ukingoni. Hapa pamepigwa patasi."

"Au pamegongwa na sakafu gari lilipoanguka."

"Labda. Sikatai."

"Jumatatu uligombana na marehemu. Watu saba wamekusikia ukimwambia asikufundishe kazi."

Cheche alijipangusa uso kwa kiganja. Siku nne za mahabusu zilikuwa zimemkausha.

"Alisema vikombe virudi nyuma sentimita nane. Nikamfokea. Jioni nikapima mwenyewe, kumbe alikuwa sahihi. Nikasema kesho nitamwambia." Machozi yakamtoka. "Sikumwambia, Inspekta. Hilo linaniuma kuliko hizi pingu."

Shangazi alikwisha kuona machozi ya kila aina katika chumba hiki, na haya hakuweza kuyapanga kwenye fungu lolote. Mlinzi aligonga mlango kuonyesha kwamba muda umekwisha.

"Chuma hiki peke yake hakisemi kitu," Cheche alisema akiinuliwa. "Nusu yake nyingine iko bambani. Ingia chini ya gari uangalie pale kilipokaa."

Saa nane mchana Cheche angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake saa saba, na alikwisha kusema kwamba likifika jinsi lilivyo litakwenda jinsi lilivyo. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro robo.

*

Langoni mwa gereji, juu ya tairi lililochakaa, alikaa mke wa Cheche. Alikuwa amekaa hapo siku ya tatu sasa. Mapajani alikuwa na furushi la kitambaa.

"Inspekta, nina swali moja tu," alisema akisimama. "Huko mahakamani, nimpelekee shati la mikono mirefu au mifupi? Nimekuja na yote mawili, lakini sitaki aonekane kama mtu aliyejiandaa kufungwa."

Shangazi alimwambia asubiri kidogo, akaingia ndani na koplo wake, akijisikia vibaya.

Gereji ilikuwa ndefu, paa la bati, joto la kutosha kuanika nguo, na mafundi hawakuwapo tangu ajali. Msimamizi aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Wote walimwita Mkubwa, na kwa kweli alikuwa mkubwa, mrefu wa kuinamia milango, mwenye ovaroli safi na simu isiyotoka mkononi. Ndiye aliyemtoa Taratibu chini ya gari. Kwenye maziko ndiye aliyebeba jeneza mbele, akalia mpaka watu wakamshika mabega. Maelezo yake ya polisi yalikuwa ya kupendeza kusoma, hayana neno lililopotea.

"Nirudie tu kidogo," Shangazi alisema. "Jumanne."

"Jumanne tulikuwa na magari mawili, saba na nane. Yote meupe, yote ya aina moja, yamekaa sambamba. Saba lilikuwa na Taratibu, anataka kubadilisha mafuta ya gia. Nane lilikuwa tayari, wapimaji wanalisubiri. Nilikuwa nalishusha namba nane niliposikia kishindo nyuma yangu. Kugeuka, saba liko chini."

"Na jeki?"

"Imelala ubavu. Kikombe kimetoka."

"Namba nane liko wapi?"

"Liko milimani tangu siku hiyo. Limeondoka na stendi zetu zote mbili, zile za kulishikilia gari likishainuliwa."

Shangazi aliandika, akatembea polepole kando ya ukuta. Vifaa vilikuwa vimetundikwa kwa mpangilio wa kuvutia. Kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ionekane. Palikuwa na vivuli viwili vya fimbo ndefu ya chuma. Kimoja kilikuwa na fimbo yake. Kingine kilikuwa kitupu, na msumari wake ulikuwa na utando wa buibui. Juu yake, kwa herufi nyekundu, paliandikwa: ANAYEINGIA CHINI AINGIE NA MPINI.

"Hii ni nini?"

"Mpini wa jeki," Mkubwa alisema. Aliutoa msumarini akamwonyesha ncha yake iliyopasuliwa katikati. "Jeki zetu ni za mafuta. Unapampu kwa mpini, gari linapanda. Ukitaka kulishusha, unaingiza ncha hii kwenye skrubu ya pale chini, unazungusha. Sasa, wewe ukiwa chini ya gari na mpini unao wewe, nani atakushushia gari kichwani?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo sheria. Niliiandika mwenyewe."

"Nzuri. Na mpini wa pili?"

"Uko stoo."

"Koplo, kamwone mtunza stoo akupe huo mpini, na akuandikie karatasi."

Koplo aliondoka. Stoo ilikuwa mwisho wa yadi, ng'ambo ya matangi ya maji, na koplo hakuwa mtu wa kukimbia juani.

Namba saba lilikuwa limesimama karibu na ukuta, utepe wa polisi umelizunguka. Shangazi aliusogeza utepe. Mkubwa aliingiza jeki kwenye kikombe kilichobaki, cha kulia, akapampu. Gari likapanda kwa heshima, kidogo kidogo, mpaka gurudumu la mbele likaacha sakafu.

"Uko salama, Inspekta. Nimekuwekea magogo."

Kama angekuwa na saa nzima mkononi, angemsubiri koplo. Hakuwa nayo. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akalala chali, akajisukuma kwa visigino mpaka gari likamfunika kutoka kichwani hadi miguuni. Watu wazima wa cheo chake hawafanyi mambo hayo, na yeye mwenyewe angemkaripia askari yeyote aliyeyafanya.

*

Chini kulikuwa na giza na harufu ya gia. Bamba lilikuwa juu ya pua yake, pana, limekwaruzwa na mawe ya nchi nzima. Kati ya kifua chake na chuma palibaki nafasi ya ngumi mbili. Aliwasha tochi ya simu.

Gia boksi ilikuwa imepasuka gari lilipoanguka, hilo lilikuwa kwenye ripoti. Mafuta yake yalikuwa yamemwagika juu ya bamba, yakapenya kwenye tundu, kisha yakatambaa upande wa chini, yakishika vumbi yakienda. Siku nne baadaye yalikuwa utando wa kahawia unaonata. Shangazi aliufuata kwa mwanga, sentimita kwa sentimita, kuelekea kushoto, mahali kikombe kilipokuwa kimekaa.

Hapo utando uligawanyika.

Mkondo mmoja ulipita kushoto na mwingine kulia, kisha ikakutana tena mbele. Katikati palibaki duara safi, kavu kabisa, upana wa kikombe. Mshono uliovunjika uling'aa. Aligusa kwa kidole. Hapakuwa na hata tone.

Alirudia hesabu yake taratibu, asije akajidanganya. Gia boksi ilipasuka gari lilipoanguka. Kabla ya hapo hapakuwa na mafuta. Yalipotambaa yalikuta kikombe bado kiko mahali pake, yakakizunguka. Kwa hiyo gari lilianguka kikombe kikiwa kimeshika barabara, na mtu alikuja kukivunja baadaye, mafuta yalipokwisha kupita. Jeki haikuteleza. Ilishushwa.

"He!" alisema, na hapo hapo akajuta.

"Umeona nini, Inspekta?"

Kutoka pale alipolala aliona viatu tu. Viatu vyeusi, vilivyofungwa vizuri, hatua moja kutoka kwenye jeki.

"Uchafu," alisema.

"Uchafu tu?"

"Na mikwaruzo. Magari yenu yanateseka."

Alianza kujivuta kutoka, akageuza shingo kutazama magogo. Yalikuwapo kweli, mawili, yamepangwa vizuri. Kati ya gogo la juu na chesisi palikuwa na nafasi ya shubiri nzima. Magogo yangelipokea gari baada ya gari kumaliza kazi yake juu ya kifua chake. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta. Mbele na nyuma palikuwa na magurudumu. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na viatu vilikuwa vimesimama hapo.

"Mkubwa, hebu nipe huo mpini."

"Wa nini?"

"Si sheria yako? Imeandikwa ukutani."

Viatu havikusogea.

"Sheria hiyo ni ya mafundi," Mkubwa alisema. Kisha goti lake likashuka sakafuni, kubwa, la ovaroli safi, na Shangazi akaona ncha ya mpini ikiingia kwenye skrubu ya jeki. Ilikaa pale kwa sauti ndogo ya chuma kugusa chuma.

"Nilitaka kulisafisha lile bamba," Mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayelalamikia mvua. "Siku ile ile. Mkaja na utepe wenu."

Shangazi alizima tochi. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Labda hakutaka kuliona lile bamba. Alijua kwamba akipiga kelele, mkono ule utazunguka kabla sauti haijafika langoni. Akikaa kimya, mkono ule utapata muda wa kuamua. Lililobaki ni kazi aliyoifanya miaka ishirini na nne, ila leo yeye ndiye aliyelala.

"Mpini wa pili ulipotea lini?" aliuliza.

Mpini ulibaki kwenye skrubu.

"Koplo hataukuta stoo. Msumari wake una buibui, baba. Tusichoshane."

"Mwezi wa tatu," Mkubwa alisema mwishowe. "Wapimaji waliusahau milimani. Niliagiza mwingine, ukawa haufiki."

"Kwa hiyo Jumanne mlikuwa na jeki mbili na mpini mmoja."

"Ndiyo."

"Taratibu aliingia chini na mpini, maana yeye alikuwa mtu wa sheria. Na wewe umeandika kwamba saa nne na dakika kumi ulikuwa unashusha namba nane. Sasa niambie, ulikuwa unalishusha kwa nini? Kwa meno?"

Ncha ya mpini ilitikisika ndani ya skrubu.

"Nilimwomba," Mkubwa alisema. "Nilimwambia, nipe dakika mbili tu, nishushe hili la wenyewe, nakurudishia. Akanyoosha mkono kutoka huko ulipo wewe. Hakuuliza hata swali."

"Kisha ukamuua."

"Hapana!"

Alipaaza sauti, na mkono ulipaa pamoja na sauti. Skrubu ilizunguka kidogo. Jeki ikatoa pumzi ndefu. Bamba lilishuka upana wa kidole kimoja, viwili, kisha Mkubwa akaikaza tena kwa mikono miwili, akihema. Chuma sasa kilikuwa kinagusa kifungo cha shati la Shangazi kila alipovuta pumzi. Akaanza kuvuta pumzi fupi fupi. Aliogopa, aliogopa sana, na machozi yalimtiririka kuelekea masikioni bila yeye kuyaita.

"Hapana," Mkubwa alirudia, polepole. "Alikuwa rafiki yangu. Magari yote mawili meupe, Inspekta. Nilikuwa na simu sikioni, mkuu wa wapimaji ananipigia kelele, gari liko wapi, gari liko wapi. Taratibu aliingilia upande ule wa pili, miguu yake sikuiona. Niliinama, nikazungusha. Nikainua macho nione namba mlangoni."

"Ikawa saba."

"Ikawa saba."

"Basi ilikuwa ajali. Ungesema tu."

"Ningesema kwa nani? Sheria niliandika mwenyewe, na mkono ni wangu. Lakini kikombe..." Akameza mate. "Kikombe mtu angekiamini. Watu walikwisha kuwasikia wakigombana juu ya vikombe. Nilipomtoa, kabla mtu hajaja, nilikipiga patasi mara mbili tu, kikatoka. Cheche hana watoto wadogo."

Alisema hivyo kama mtu aliyeipima sababu hiyo usiku na mchana na bado hajui ina uzito gani. Shangazi aliona kwamba Mkubwa naye alikuwa amebanwa, na kwamba mtu aliyebanwa hivyo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Nyayo za kandambili zilisikika mlangoni.

"Shemeji? Inspekta yuko wapi? Saa sita na nusu hii, nataka kumpelekea shati, na hajanijibu."

Alikuwa mke wa Cheche. Mkubwa aliinuka nusu, mkono wake ukabaki kwenye mpini.

"Ametoka," alisema.

"Ametokea wapi? Niko langoni tangu alfajiri."

"Ametokea nyuma. Nenda kituoni, utamkuta."

Kandambili ziligeuka. Shangazi aliona visigino vyake vilivyopasuka vikielekea kwenye mwanga. Akinyamaza, mama huyu anaondoka salama, na ukweli wote unabaki chini ya bamba hili pamoja naye. Akisema, huenda neno lake likawa la mwisho. Alivuta pumzi kiasi chuma kilivyomruhusu.

"Niko huku chini, mama," alisema. "Na mumeo hana kosa."

Kandambili zilisimama. Kisha zikarudi, bila haraka. Mke wa Cheche aliinama, akachungulia chini ya gari, akaona uso wa Inspekta, akaona magogo, akaona jeki na mkono ulioshika mpini. Mwanamke aliyeishi na mchomeleaji miaka kumi na tisa hakuhitaji kuchorewa picha.

"Shemeji," alisema, "chomoa mpini."

"Toka nje."

"Chomoa."

"Huelewi! Mimi nina watoto wanne!"

"Na mimi nilikuwa najifungua nini, paka? Eti kwa kuwa wangu wamekua?"

Mke wa Cheche aliweka furushi lake kando, akaitazama sakafu kama anatafuta pasipo na mafuta. Kisha akaketi. Aliketi kama watu wanavyoketi mkekani, akanyoosha miguu yote miwili, akaiingiza chini ya gari mpaka magotini. Kandambili moja ilimgusa Shangazi begani.

"Shusha," alisema.

"Shemeji, usifanye mchezo."

"Ulimlaza rafiki yako, ukampeleka mume wangu mahabusu, na huyu mama umemfunika kama sufuria. Mimi ndiye niliyebaki. Shusha tumalize."

Hakuwa amepandisha sauti. Mkono wa Mkubwa ulianza kutetemeka, na jeki ikatetemeka nao, na gari zima juu ya kifua cha Shangazi. Alihesabu pumzi. Moja. Mbili. Alipofika ya sita, mpini ulichomoka kwenye skrubu ukaanguka sakafuni, na lile goti kubwa la ovaroli safi likafuatiwa na goti la pili.

*

Mke wa Cheche ndiye aliyemvuta Inspekta kwa makwapa. Alipotoka aliegemea gurudumu la namba saba na kulia kidogo mbele ya mtuhumiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Hakuona aibu. Koplo alirejea wakati huo huo akitweta, akaanza kueleza kwamba stoo hakuna mpini wowote, kisha akawaona wote watatu sakafuni, akanyamaza na kutoa pingu.

Kulikuwa na kazi, na Shangazi aliinuka kuifanya. Alipiga picha tatu. Mafuta, duara kavu, mshono. Aliagiza namba saba lishushwe juu ya magogo yaliyopangwa sawasawa, gereji ifungwe, na bamba lifunguliwe mbele ya mashahidi. Akampigia mkuu wa kituo, akamwambia jalada la Cheche lisitoke. Mkuu aliuliza kwa nini. Akamjibu kwamba anaye mwenye kosa, anayo maelezo yake, na anaye shahidi mtu mzima aliyemwona ameshika mpini.

Kisha alikaa mbele ya Mkubwa juu ya kasha la spana na kuandika upya, tangu mwanzo. Mkubwa alijibu kila swali. Sasa hivi, mikono ikiwa na pingu mapajani, alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua gunia mbali na kwake.

"Unalo la kuongeza?" Shangazi aliuliza, maana ndivyo fomu inavyotaka.

Mkubwa alitikisa kichwa.

Mke wa Cheche alikuwa amekwisha kulichukua furushi lake na kufika karibu na mlango. Mumewe angetoka jioni hiyo, na shati halikuwa na kazi tena. Alisimama, akageuka.

"Taratibu alisema kitu?" aliuliza. "Kabla."

Mkubwa alitazama sakafu. Koplo alifungua mdomo kumhimiza, Shangazi akamzuia kwa kidole.

"Aliniita," Mkubwa alisema. "Nilisikia vizuri. Alisema, 'Mkubwa, si hili.' Kwa ile sauti yake, unaijua, hata siku hiyo hakuipandisha."

"Na wewe?"

"Nilikuwa na simu. Nikafunika simu kwa bega, nikamwambia subiri kidogo."

Shangazi aliyaandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa, akamgeuzia karatasi ili atie sahihi.